Mabati juu ya vigae vya lami: shajara ya paa moja

Ukaguzi, kabla ya kununua chochote

Paa lina vipaa viwili, kila kimoja mita 12 kwa 5, mteremko wa nyuzi 22 hivi. Halina makutano ya kuudhi. Kuna bomba moja la hewa la choo upande wa nyuma, basi. Limeezekwa tabaka moja la vigae vya lami juu ya plaiwudi ya milimita 12, na kenchi zimepangwa kila milimita 600. Vigae vimepauka, vingine vimejikunja ncha, na kila mvua ikinyesha gata hujaa zile chembe za mawe zilizokuwa zikivikinga na jua. Lakini ndani ya nyumba hakuna panapovuja. Ndiyo maana tukaanza kuulizana: tubomoe, au tuezeke mabati juu kwa juu?

Swali hilo hujibiwa kutoka darini. Nilipanda na tochi na kipima unyevu, nikachoma plaiwudi kila baada ya hatua chache. Karibu kote kilisoma kati ya asilimia 12 na 14. Karibu na bomba la hewa kilisoma 23, na mbao hapo ilikuwa na doa jeusi. Mbao inayokaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 kwa muda mrefu huoza, kwa hiyo kipande hicho kitafunguliwa na kubadilishwa kwanza. Kama doa lingekuwa limesambaa kipaa kizima, shajara hii ingekuwa ya kubomoa.

Mipaka ya kazi hii inajulikana. Kanuni za IRC za nyumba za makazi, zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani, zinakataza kuongeza ezeko jipya juu ya paa lililolowa au kuchakaa kiasi cha kutofaa kuwa msingi, na pale ambapo tayari kuna tabaka mbili. Hata asiyeishi chini ya kanuni hizo atajifunza kitu hapo: tabaka la kwanza huficha ubovu, la pili huuzika. Tena, kama ezeko la zamani ni saruji yenye asbesto, usitoboe wala usikate. Hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa na kibali.

Uzito

Fundi alitaka kuanza na mbao, mimi nikataka kuanza na hesabu. Vigae vyetu vya lami vina uzito wa kilo 12 hivi kwa mita ya mraba. Bati la chuma la milimita 0.5, ukihesabu na migongo yake, ni kama kilo 5. Papi zote tulizopanga, yaani mbao nyembamba za kupigilia mabati, zinaongeza kilo 3. Jumla ni kilo 8 kwa mita ya mraba, yaani kilo 960 kwa mita 120 za paa zima. Tungeongeza tabaka la pili la vigae vya lami, tungepandisha zaidi ya kilo 1,400. Kwa upande huo mabati ni mgeni mwepesi. Hata hivyo kenchi zilikaguliwa moja moja: viungio, nyufa, vumbi la mchwa. Zote nzima.

Papi au bila papi

Hapa ndipo tulipobishana kweli, na sioni aibu kusema kwamba ubishi ulichukua muda mrefu kuliko kupigilia mabati yenyewe.

Wapo wanaotandika karatasi ya kuzuia maji juu ya vigae na kulaza bati moja kwa moja. Watengenezaji kadhaa wanaruhusu, kazi huenda haraka, kingo za paa hazinyanyuki, na bati halibonyei ukilikanyaga kwa sababu chini yake pamejaa. Fundi alikuwa upande huo. «Bosi, vigae vyenyewe ni kama zulia,» aliniambia, «unataka nini tena?»

Nilikuwa na hoja tatu. Ya kwanza ni mwendo wa chuma. Chuma hurefuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Bati la mita 5 likitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua la saa nane mchana, tofauti ya nyuzi 50, hurefuka milimita 3. Bati la alumini lingeenda karibu mara mbili. Milimita 3 si kitu, mpaka ukumbuke kwamba linasogea juu ya msasa kila siku ya Mungu. Chembe za vigae ni mawe hasa. Karatasi ikichanika, zitakwangua rangi ya chini ya bati, kisha madini ya kinga, kisha kutu.

Ya pili ni sura. Vigae vina ngazi ngazi, na plaiwudi iliyozeeka ina mawimbi. Bati jipya linang'aa, na kila wimbi lililo chini yake litaonekana jua la jioni likipiga kwa ubavu.

Ya tatu ndiyo iliyomshinda fundi: umande. Usiku usio na mawingu, bati hutoa joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke ulio kwenye hewa hugeuka maji juu ya bati, na chini yake pia. Bati likiwa limelalia karatasi, maji hayo yana pa kuingilia ila hayana pa kutokea. Likiwa limenyanyuliwa, hewa inapita, na matone yanayodondoka hutiririka juu ya karatasi hadi ukingoni.

Ila papi za kulala peke yake hazitoshi. Ukizipigilia moja kwa moja juu ya vigae, kila papi inakuwa bwawa dogo, na hewa haiwezi kupanda kutoka ukingoni hadi kileleni. Kwa hiyo tulikubaliana: kwanza papi za kusimama, milimita 25 kwa 50, kila moja juu ya kenchi, juu yake papi za kulala, 25 kwa 100, kila milimita 600. Maji na hewa vinapita chini ya zile za kulala.

Na dawa ya mbao. Mabati yetu yamepakwa aluzinki, mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki 43.4 na silikoni 1.6. Mchanganyiko huo haupatani na shaba. Mbao nyingi za kijani zimetiwa dawa yenye shaba; zikilowa huku zimegusana na bati, shaba inakula kinga. Tulichukua mbao zilizotiwa dawa ya boroni. Boroni huoshwa na mvua, kwa hiyo haifai kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa ulio wazi, lakini chini ya bati inafaa.

Kuagiza

Fupi tu. Tulipima urefu wa kipaa mahali patatu badala ya mahali pamoja, tukaongeza milimita 40 za kuning'inia juu ya gata na kutoa 40 za nafasi ya hewa kileleni. Tukarudi palepale, mita 5. Kila bati ni kipande kimoja kutoka kilele hadi ukingo. Hivyo hakuna kiungio cha kukatisha mteremko, na kiungio kisichokuwepo hakivuji.

Tukingoja mabati

Siku za kungoja zilinipa nafasi ya kusoma. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, alipata hataza ya bati la migongo mwaka 1829. Kinga ya zinki ilifuata mwaka 1837 kwa hataza ya Mfaransa Stanislas Sorel. Katikati yake kuna miaka minane ya mabati yenye kutu tupu, au ya kupaka rangi kila mara. Sijui kwa nini hilo lilinifurahisha, lakini lilinifurahisha.

Mabati yalipofika yaliwekwa juu ya vipande vya mbao, upande mmoja umenyanyuliwa ili maji yatiririke, na turubai halikufungwa kabisa. Maji yakinaswa kati ya mabati yaliyobebana, kutu nyeupe huota hata kabla bati halijapanda juu.

Kufungua palipooza

Jumatatu. Vigae kuzunguka bomba la hewa vilitolewa, na plaiwudi chini yake ikabonyea kwa kidole. Chanzo kilikuwa kola ya mpira ya bomba: jua limeipasua mduara mzima. Tulikata plaiwudi mpaka katikati ya kenchi mbili ili kipande kipya kiwe na pa kushikilia pande zote, tukakipigilia, tukajaza juu yake vigae vizuri tulivyovitoa kileleni. Maana vigae vya kofia vyote vilikuwa lazima vitoke, na vile vilivyochungulia nje ya ukingo vikakatwa kwa kisu kusawazisha na fishabodi. Misumari iliyochomoza tuliigonga ikazama.

Chini ya kofia ya zamani kuna upenyo wa kutolea hewa ya darini. Huo haufunikwi. Karatasi mpya inaishia kando yake, pande zote mbili. Ukiufunga kwa kujisahau, joto na mvuke wa nyumba vitakaa darini, na hapo utaanza kulaumu mabati.

Karatasi na mistari

Karatasi ilianza chini kupanda juu, kila mkunjo ukilalia wa chini kwa milimita 150.

Kuzijua kenchi ziko wapi chini ya vigae na karatasi kunawasumbua wengi. Wapo wanaogonga kwa nyundo na kusikiliza, lakini vigae vya lami humeza sauti. Sisi tulizisoma mahali pawili zinapoonekana kwa macho: ukingoni, na kileleni kupitia upenyo wa hewa. Alama huku, alama kule, uzi wa chaki katikati, na kenchi zote zikawa zimechorwa juu ya karatasi bila kutoboa hata tundu moja.

Papi

Skrubu ndefu zina hesabu yake. Papi ya kusimama 25, vigae hadi 10, plaiwudi 12, na angalau 40 ndani ya kenchi: 87. Tulitumia za milimita 90. Papi za kulala, kwenye kila makutano, zilipigwa skrubu za 120 zinazopita kote mpaka kwenye kenchi. Fundi alisema 60 zingetosha kushika papi kwa papi. Zingetosha kushika uzito. Tatizo la bati ni kunyanyuliwa, na upepo hunyonya paa kwa nguvu zaidi kwenye kingo na pembe kuliko katikati. Kwa sababu hiyo hiyo, papi mbili za mwisho ukingoni na mbili za kileleni tulizisogeza, zikawa milimita 300 badala ya 600.

Kabla ya kukaza, tulivuta uzi kutoka ncha hadi ncha. Kipaa cha mbele kilikuwa sawa. Cha nyuma kilikuwa kimezama milimita 18 katikati, kama mzee aliyekaa vibaya. Tulipachika vipande vya plastiki kati ya papi mbili, hapa 5, pale 10, pale 18, mpaka papi ikaugusa uzi bila kuusukuma. Saidia fundi ndiye aliyekuwa na jicho la kazi hiyo. Alikuwa akiinama, anafumba jicho moja, na kusema «bado» huku pimamaji ikisema tayari. Mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kuzunguka bomba la hewa tuliongeza papi fupi fupi ili bati lisibonyee pale kola mpya itakapokazwa.

Ukingo

Kunyanyua paa kwa milimita 50 kunaonekana kidogo ukiwa juu. Ukishuka chini unaona pengo jeusi kati ya fishabodi na mahali bati litakapokaa. Tulilifunga kwa wavu wa chuma usioshika kutu, wenye matundu madogo ya kuzuia nyigu na panya, huku hewa ikipita. Bati la kudondoshea maji likafuata, chini ya karatasi, ili matone ya umande yanayotiririka juu ya karatasi yaishie kwenye gata na wala si nyuma yake.

Gata nayo ilibidi ipande. Maji sasa yanatoka juu kwa milimita 50 zaidi na yanakimbia kuliko yalivyokuwa juu ya vigae vya kukwaruza. Mvua kubwa ingeyarusha ng'ambo. Wengi husahau hili, kisha huona maji yakichimba mtaro chini ya ukuta.

Bati la kwanza

Alhamisi. Hakuna upepo, mkanda wa usalama umefungwa kwenye kenchi, viatu vya soli laini.

Bati la kwanza likienda upande, yote yatakwenda upande, na kufikia la kumi na mbili ukingo utakuwa kama meno ya msumeno. Tulipiga tatu-nne-tano: mita 3 kwenye mstari wa ukingo, 4 kupanda, na ulalo uwe 5. Paa lenyewe liligundulika si mraba. Kwa urefu wa mita 5 linapotea milimita 22. Tulifuata mraba tukaliacha paa na upotevu wake, kwa sababu bati la pembeni ni pana vya kutosha kuuficha.

Tulianza upande ulio mbali na upepo wa kawaida, ili midomo ya viungio iupe upepo mgongo. Kila bati lilipandishwa kwa kamba mbili juu ya ngazi mbili zilizolazwa, na kila baada ya mabati manne tulipima upya kutoka mwanzo.

Sasa ule ugomvi wa mafundi wote duniani: skrubu juu ya mgongo au kwenye bonde la bati? Juu ya mgongo maji hayakai, lakini skrubu inabaki ndefu, inayumba, na ukizidisha kidogo mgongo unabonyea. Kwenye bonde bati limelalia papi na linashikwa imara, ila uhai wako wote uko kwenye washa ya mpira. Mtengenezaji wa mabati haya anaelekeza bondeni, kando ya mgongo, na skrubu fupi za juu ya mgongo kwenye viungio tu. Tulifuata. Anayenunua bati lingine afuate karatasi ya maelekezo ya bati lake.

Kukaza kwenyewe kunahitaji mkono. Washa ivimbe kidogo kuzunguka kichwa cha chuma. Ikilegea maji yanaingia. Ikipondeka na kutoka nje, jua litaipasua mapema. Drili iliwekwa nguvu ndogo, mzunguko wa mwisho ukatolewa taratibu. Skrubu iliyoingia kimshazari ilitolewa papo hapo na kuwekwa nene zaidi, maana washa ya skrubu iliyoinama inakaa kwa upande mmoja tu.

Grenda haikupanda juu. Cheche zake huunguza rangi na kinga, na vumbi lake la chuma hushika kutu siku ya pili, madoa mekundu juu ya bati jipya. Tulikata kwa mkasi wa bati na mashine ya kung'ata, chini, na kila jioni ufagio laini ulipita juu kukusanya vipande vya drili. Penseli pia ilipigwa marufuku: risasi yake ni kaboni, na ikiachwa juu ya aluzinki isiyopakwa rangi huchochea kutu mahali ilipoandika. Kalamu ya wino ilitosha.

Bomba la hewa na kofia

Kola mpya ya mpira ina kitako cha mraba. Tuliigeuza ikae kama almasi, pembe ikitazama kileleni, ili maji yakifika yagawanyike kushoto na kulia badala ya kusimama nyuma yake. Silikoni ilikuwa ile isiyo na harufu ya siki. Yenye harufu hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula zinki.

Kuna jambo la bomba la shaba la hita, lililokuwa likidondosha maji juu ya kipaa cha nyuma. Juu ya vigae halikuwa na madhara. Maji yaliyopita kwenye shaba hayapaswi kugusa aluzinki kabisa, kwa hiyo tuliliongezea mpira hadi chini.

Kofia ilikaa juu ya vipande vya sponji vilivyokatwa kwa umbo la migongo, aina inayopitisha hewa. Zipo sponji zilizoziba kabisa, na ukiziweka hizo kileleni papi zote za kusimama zinakuwa bure. Vipande vya kofia vililaliana kwa milimita 150 na safu mbili za silikoni katikati.

Mvua ya kwanza

Ilikuja usiku, ya upepo. Sauti ipo, ila si ile ngoma ya bati tupu: vigae na plaiwudi vinameza sehemu kubwa. Nilipanda darini na tochi na kukuta pakavu kote. Fundi alipigiwa simu kabla sijashuka, akaniuliza kama nimeangalia nyuma ya bomba. Nilikuwa nimeangalia.

Asubuhi moja ya ubaridi iliyofuata, bila mvua, matone yalikuwa yakidondoka kwenye gata kutoka kwenye bati la kudondoshea maji. Huo ni umande wa chini ya mabati, ukitoka pale tulipoupangia utoke.

Hali ilivyo sasa

Plaiwudi karibu na bomba inasoma asilimia 13. Bado vishikio vya gata upande wa nyuma, na bati la pembeni la kulia lina skrubu mbili zinazosubiri washa za rangi yake. Baada ya msimu mmoja wa joto na baridi nitapita na bisibisi, si drili, kwenye safu ya ukingo na ya kilele, nione zipi zimelegea. Vigae vilivyobaki tumewapa wenye banda la kuku.